Nyumba Ilikwenda, Deni Likabaki

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tulichinja kuku kumshukuru Mungu kwa sababu benki ilikuwa imeuza nyumba yetu. Usicheke bado. Tulikuwa tumechoka, na mtu aliyechoka hushukuru hata kwa kupigwa, mradi kupigwa kwenyewe kumekwisha. Mchungaji aliomba. Majirani zetu wa Mashimoni, kule Kibera, walijaa chumbani, wengine wakakaa nje mlangoni. Mume wangu Simiyu akasimama akasema kwamba sasa hatuna nyumba, lakini pia hatuna deni. Tumerudi ziro, na ziro si mahali pabaya pa kuanzia. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapo, maana ukianzia kwa kuku hutaelewa kitu.

Simiyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mageti na madirisha, na kibanda chake kilikuwa Kawangware kando ya barabara. Mimi nilishona sare za shule. Tulitoka Bungoma tukiwa vijana, tukapanga chumba Lindi, huko huko Kibera, na watoto wetu wote walizaliwa tukiwa wapangaji. Baadaye Simiyu akapata kazi nzuri ya mageti ya nyumba nyingi, na benki ikaanza kumwona mtu. Ikatukopesha tukanunua nyumba ndogo ya mawe Riruta Satellite, vyumba vitatu na kauwanja ka kuanika nguo. Hati ikakaa benki. Hapo tulielewa: tukishindwa kulipa, wataiuza. Hilo hata mtoto angelielewa.

La pili ndilo lililotushinda. Tulipokaa Satellite miaka michache, Simiyu alitaka mashine mpya na kibanda kikubwa. Akaenda kwa kampuni moja ya mikopo, ofisi iliyokuwa juu ya duka la dawa. Wakakubali kumpa, wakasema nyumba ile ile itakuwa dhamana, ila wao watakuwa nyuma ya benki. Mwanangu, maneno hayo, "nyuma ya benki," niliyasikia kwa masikio yangu, na nilidhani wananielekeza jengo lilipo. Nilikaa mbele ya wakili wao nimevaa nguo ya kanisani, naambiwa tia sahihi hapa kama mke wake, na hapa, na hapa tena. Wakataka na mtu wa tatu. Tukamwita Jerida, rafiki yangu tuliyeimba naye kwaya, aliyekuwa akiuza mitumba ya watoto soko la Kawangware. Alikuja mbio akiwa ameachia jirani meza yake, akaandika jina, akarudi kuuza. Hakuna aliyeuliza swali. Tulidhani kuuliza ni kuonyesha kwamba hatustahili kupewa.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi yetu haikudumu. Barabara ya Kawangware ilipanuliwa, vibanda vikabomolewa kwa siku moja, na wateja wa Simiyu hawakujua amehamia wapi. Tukaanza kuchelewesha malipo ya benki. Tukapewa ilani, tukaomba muda, tukapewa, muda ukaisha. Dalali akaja na watu wake, nyumba ikanadiwa, na sisi tukapakia vitu kwenye mkokoteni tukarudi Kibera. Safari hii tulipata chumba Mashimoni, karibu na mahali pa kuteka maji.

Nikuambie jambo moja la wakati huo. Siku moja nilitoka kununua uzi, kichwa kimejaa mawazo, na miguu ikanipeleka Satellite. Nilijikuta mbele ya lile geti alilolitengeneza Simiyu kwa mikono yake, natafuta ufunguo kwenye pochi. Mwanamke mgeni akatoka akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia nimepotea njia, naye akanielekeza kwa upole jinsi ya kufika stendi, mimi niliyekaa pale miaka. Nilimshukuru nikaondoka.

Basi ndiyo maana tulichinja kuku. Tulitaka jambo lile lipate mwisho.

Hazikupita wiki nyingi baada ya maombi yale. Ilikuwa mchana, Simiyu ameketi nje anatengeneza jiko la jirani, mimi nafua. Akaja kijana mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi, mkoba begani. Akasema anaitwa Kyalo. Akamtaja Simiyu kwa majina yake yote matatu, kama wanavyofanya watu wa serikali, kisha akasema ametumwa na ile kampuni ya juu ya duka la dawa kuhusu mkopo uliobaki.

Simiyu alicheka. Akamwambia kwa utaratibu kwamba amechelewa, nyumba ilishauzwa, aende akawaulize benki.

"Hiyo ya benki iliisha, mzee," Kyalo akasema. "Mimi nimekuja kwa ile yetu."

"Yenu ilikuwa ya nyumba gani?"

"Ile ile."

"Na ile ile imeuzwa."

"Ndiyo. Lakini sisi hatukulipwa."

Nilisimama na nguo mkononi, maji yanatiririka hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nikimtazama mume wangu, namtazama kijana, na sikujua nani kati yao anasema kweli. Kila mmoja alikuwa kama anayesema kweli. Tulikuwa na nyumba moja. Imeliwa. Mtu anawezaje kuja kudai mifupa ya kuku aliyekwisha kuliwa na mwingine?

Sasa ujue kwamba mwezi ule mkora mmoja alikuwa amepita Mashimoni akikusanya pesa za watu, akiahidi kuwaandikisha wapate nyumba mpya, kisha akayeyuka. Watu walikuwa na uchungu. Simiyu alipoinuka na kupaza sauti kwamba huyu naye ni mkora, kwamba amekuja kudai deni la nyumba isiyokuwepo, hakuhitaji kurudia. Vijana walitoka kila upenyo. Mmoja alimpokonya Kyalo mkoba. Mwingine akamshika shati kifuani. Nikasikia mtu nyuma yangu akiomba apishwe, na nilipogeuka nikaona ana jiwe.

Simiyu mwenyewe aliogopa. Nilimwona. Alianza kusema "ngojeni, ngojeni kwanza," lakini neno likishatoka mdomoni halina mkia wa kulivuta.

Aliyemwokoa Kyalo ni Nyanya Atieno. Alikuwa mama mzee wa kutoka upande wa ziwa, mjane, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mlango wa tatu kutoka kwetu. Sijui alipita vipi katikati ya wale vijana. Nilimwona tu amemshika Kyalo mkono kama mtu anayemtoa mtoto darasani, akamsukuma ndani ya chumba chake, akavuta kigoda, akaketi kwenye kizingiti. Akatandaza leso magotini. Mmoja wa wale vijana akamwambia nyanya toka, huyo ni mkora. Yeye akamjibu kwamba kama ni mkora chifu yuko, na kama kuna mtu anataka kuingia humu amruke yeye. Hakuinua sauti. Na kule kwetu, mwanangu, hata kama tumekosa adabu ya mambo mengi, mwanamke wa umri ule hakuna anayemruka. Walisimama, wakanung'unika, wakaanza kupungua. Mkoba ukarudishwa. Aliyekuwa na jiwe sikumwona alipolitupa.

Ndipo akatuita mimi na Simiyu tuingie.

Kyalo alikuwa ameketi kitandani, kikombe cha maji mkononi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, pengine wa umri wa ndugu yangu wa mwisho. Nyanya Atieno hakumtazama yeye, alimtazama Simiyu.

"Ulimwita mkora kwa sababu amekuibia, ama kwa sababu hukumwelewa?"

Simiyu akasema, polepole sana, "Sikumwelewa."

"Basi ungesema hivyo. Kusema sielewi hakujawahi kuua mtu. Hilo lingine limekaribia kuua mtoto wa wenyewe mlangoni pangu." Akanigeukia. "Na wewe mama, ulielewa?"

Nikasema hapana.

"Na ulikuwa umesimama hapo."

Maneno hayo manne yalinikaa kuliko hotuba. Kisha akamwambia Kyalo ajaribu kueleza, polepole, na sisi tusikilize bila kumkatiza. Kijana akajaribu. Alisema kuna dhamana, na kuna baki la deni lisilo na dhamana, na kwamba madai ya kampuni sasa ni ya mtu binafsi. Nikamwomba aseme kwa Kiswahili. Akasema hicho ndicho Kiswahili. Nyanya Atieno akacheka kidogo, na Kyalo naye akacheka huku machozi yakimtoka. Akasema, "Mama, hata mimi nilielezwa mara nyingi kabla sijashika."

Simiyu alimwomba msamaha. Kisha akamsindikiza mwenyewe mpaka barabara kubwa, wakitembea bega kwa bega ili watu waone.

Usidhani ukungu ulitawanyika siku hiyo. Ulizidi. Tulianza kuuliza, maana Nyanya Atieno alikuwa ametufundisha kuuliza, na kila mtu alikuwa na jibu lake. Mchungaji alisema ya kale yamepita, tusiyafufue. Binamu ya Simiyu alisema tubadilishe laini za simu turudi Bungoma, hakuna atakayetufuata mashambani. Mama mmoja wa chama chetu cha kuweka akiba alisema kesho Simiyu atafungwa, na watoto watachukuliwa. Mwingine akaapa kwamba deni la nyumba likishauziwa nyumba limekufa, shemeji yake yalimpata hayo hayo naye hakulipa kitu. Nililala na jibu moja nikaamka na jingine. Simiyu aliacha kula vizuri. Ukiuliza watu kumi njia, mwanangu, na wote hawajawahi kuipita, utapata njia kumi.

Mwishoni tulikwenda kanisa moja la Kawangware ambako wakili, mama wa makamo, alikuja mara moja moja kuwasaidia watu bila malipo. Tulipanga foleni nusu ya siku. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza kwetu tunateka maji wapi. Nikamwambia. Akasema: fikirini watu wawili wamewalipa ninyi pesa zao mapema, kila mmoja anadai maji, na ninyi mna mtungi mmoja. Mmekubaliana kwamba wa kwanza atateka kwanza. Wa kwanza ni benki. Amekuja, ameteka, mtungi umekauka. Wa pili bado ana kiu, na pesa zake mlizichukua.

"Lakini mtungi ulikuwa ndio ahadi," Simiyu akasema.

"Hapana. Ahadi ilikuwa maji. Mtungi ulikuwa wa kumtuliza tu moyo."

Akatueleza kwamba nyumba ilipouzwa, bei yake iliishia kwa benki. Kama ingezidi, kampuni ingepata, na kama ingezidi tena, sisi tungepata. Haikuzidi. Kwa hiyo kampuni haina tena nyumba ya kushika, lakini ina sahihi zetu, na inaweza kwenda mahakamani ikadai, na mahakama ikiamua, vyombo vya nyumbani na vya kazi vinaweza kuchukuliwa. Kukimbia hakufuti. Kufungwa si jambo la kutukosesha usingizi kwa sasa. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyetia sahihi.

Nikasema, "Jerida. Lakini yeye alikuwa shahidi tu."

Wakili akaomba nakala ya mkataba wetu na kampuni. Akasoma, akavua miwani. Akasema Jerida si shahidi. Ni mdhamini. Tukikimbia sisi, watakwenda kwake.

Mwanangu, nimezika wazazi, nimepoteza nyumba, lakini ile safari ya kutoka pale kanisani hadi soko la Kawangware, mwendo mfupi tu, sijui kama nimewahi kutembea mwendo mzito kuliko huo. Simiyu alitaka tumwambie siku nyingine. Hapo nilimkumbuka Nyanya Atieno na nikakataa.

Tulimkuta Jerida akikunja nguo za watoto, akizipanga kwa ukubwa. Alifurahi kutuona. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikiketi nitalia. Hakuacha kukunja. Alikunja suruali moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi niliandika jina kwamba nimewaona mkitia sahihi," akasema.

"Hata sisi tulidhani hivyo."

"Kwa hivyo mimi pia niko ndani."

"Uko ndani."

Akatazama ile meza yake, na marobota chini ya meza, na paa la nailoni juu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa karo ya watoto wake, maana hakuwa na mume. Nilingoja anitukane. Ningeona nafuu. Lakini alisema tu, "Mniachie nafasi ninune. Nikimaliza nitawaambia."

Alinuna kweli. Kwaya ilipopanga mistari, alihamia upande mwingine. Sikumlaumu. Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, akanishika kiwiko akaniuliza tunakwenda lini kwa hao watu wa juu ya duka la dawa, kwa sababu safari hii anataka kusikia kila neno.

Tulikwenda watatu. Kyalo ndiye aliyetupokea, akatuletea viti, akatupeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa yule alianza kuongea haraka. Jerida akainua mkono kama mwanafunzi akasema, "Hapo sijaelewa, rudia." Akarudia. Mbele kidogo Simiyu akasema, "Hapo sijaelewa." Na mimi nikasema. Tulisema hivyo mara nyingi hata yule bwana akaweka kalamu chini na kuanza kuongea kama mtu. Wakili alikuwa ametufundisha cha kuuliza: nyumba iliuzwa bei gani na ikagawanywaje, deni lenyewe ni kiasi gani na faini ni kiasi gani, kama wanaweza kusimamisha faini tukilipa kidogo kidogo, na kama makubaliano yataandikwa, jina la Jerida likiwekwa mahali ambapo hataguswa mradi tunalipa. Faini waliipunguza, si yote. Mengine walikubali. Kabla ya kutia sahihi Jerida alisoma karatasi nzima kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Tulilipa kwa miaka. Simiyu aliajiriwa katika kibanda cha mwenzake, akawa kibarua wa kazi aliyowahi kuwa bwana wake, na hakulalamika mbele yangu. Nilishona sare mpaka macho yakaanza kuchoka. Kuna miezi tulichelewa, na tulipochelewa tulipiga simu kabla ya kupigiwa. Hati ya Satellite haikurudi, na hata sasa mimi ni mpangaji. Nyanya Atieno alirudi kwao akafia huko kabla hatujamaliza. Tulichanga nauli tukaenda kumzika, na Kyalo, ambaye alikuwa ameshaacha kazi ile, alikuja pia. Alikaa na watu wa Mashimoni, wengine wao wale wale waliomshika shati. Hakuna aliyelitaja, na hakuna aliyeshindwa kumpa kiti.

Siku tuliyomaliza, tulipewa karatasi ya kuthibitisha kwamba hatudaiwi. Simiyu hakutaka kuchinja kuku. Aliogopa, nadhani. Tulikwenda tu Kawangware, tukampa Jerida ile karatasi aisome. Aliisoma yote, mpaka mhuri. Kisha akaniuliza, "Una uhakika umeelewa?"

Nikamwambia karibu yote.

Na huo ndio ukweli, mwanangu. Mpaka leo, nikiwa nyanya wa watoto wa watoto, kuna usiku najiuliza tena ilikuwaje nyumba moja ikabeba madeni mawili na kwenda zake na moja tu. Nimeelezwa, nimekubali, lakini moyo haujamaliza kushangaa. Sioni haya kukuambia hivyo.

Kwa hiyo nisikilize, wewe ambaye unataka kuweka rehani juu ya rehani. Sikukatazi kukopa, tungekula nini tusipokopeshana? Nakuomba ujue kwamba nyumba si deni. Nyumba inaweza kukutoka mkononi na deni likakaa nawe chumbani mkitazamana. Kabla hujaandika jina lako, uliza nani yuko mbele, nani yuko nyuma, na aliye nyuma akikosa atamshika nani. Ukimwita rafiki akutilie sahihi, mwambie anatia nini, na kama hujui, msitie wote wawili. Likikushinda, nenda kwao kabla hawajaja kwako, na makubaliano yaandikwe. Akija mtu na jambo usilolielewa, usimpe jina baya, mpe kiti. Neno "sielewi" ni dogo, na bei yake ni aibu ya dakika moja. Sisi tuliogopa aibu hiyo, tukailipia kwa miaka.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe paa usilolihofia na marafiki ambao hutawaficha kitu. Sahihi yako isimwingize mtu mtegoni. Na siku utakapochanganyikiwa, maana itafika, akuweke karibu na mtu wa kuketi kizingitini mpaka watu watulie.